Dawa imepigwa na mdudu bado anatembea: tafuta tatizo liko kwenye kipokezi gani

Kila msimu wa nyanya, kuanzia Ngarenanyuki, King'ori na Kikatiti mpaka kule Hai na Himo, malalamiko ni yaleyale, dawa imepigwa, hela imekwenda, mdudu yuko palepale anakula. Na ushauri wa kwanza anaopewa mkulima nao ni uleule, ongeza dozi, ikishindikana changanya na nyingine. Mi huo ushauri naupinga kabisa. Dawa nyingi tunazonunua zinalenga vipokezi, yani protini zinazopokea taarifa kwenye neva za mdudu, kipokezi kimeundwa kwa vipande, na kipande kimoja tu kikibadilika unaweza ukamwaga chupa nzima na mdudu asihisi kitu. Sasa kama hujui ni kipande gani kimebadilika utaongeza dozi mpaka uumwe wewe.

Twende dalili kwa dalili. Ya shambani kwanza, halafu mbele kuna sehemu ya vijana wa maabara maana nao wana shida zao na vipokezi hivihivi.

Kabla hujalaumu kipokezi

Mara nyingi tatizo ni la kawaida kabisa wala halina uhusiano na neva. Nozo imelika inamwaga matone makubwa yanateremka chini. Dawa imepigwa saa saba mchana jua kali. Chupa imekaa stoo tangu mwaka juzi. Au dawa yenyewe ni feki, kwahiyo angalia namba ya usajili ya TPHPA, ile mamlaka ya pale Ngaramtoni ambayo zamani wengi tuliijua kama TPRI, kama lebo haina namba ya usajili usipige.

Afu kuna maji, na hili la maji kwa watu wa upande wa Meru ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Maji yetu mengi yana floridi na magadi, pH yake iko juu, na dawa za jamii ya oganofosfati na kabamati zinavunjika kwenye maji ya namna hiyo, yani unachanganya asubuhi, unaenda kunywa chai, unarudi unapiga kitu ambacho nguvu yake imeshapungua kwenye bomba lako mwenyewe. Nunua karatasi za kupimia pH, ni bei ndogo, pima maji ya mfereji unaochota. Yakiwa juu ya 8 tumia dawa ya kushusha pH kabla hujaweka kiuatilifu, na ukishachanganya piga palepale.

Kingine ni mahali mdudu alipo. Kiwavi wa kantangaze, yule mdudu wa nyanya, anaishi ndani ya jani, dawa ya kugusa tu inabaki juu ya ngozi ya jani na yeye yuko chini yake salama.

Ukishayatoa hayo yote na bado hafi, ndo tunaingia kwenye neva.

Kipokezi kimejengwaje

Mdudu na sisi tunatumia kemikali karibu zilezile kupitisha taarifa toka neva moja kwenda nyingine ila mpangilio ni tofauti. Kwetu misuli inaamriwa na asetilikolini. Kwa mdudu misuli inaamriwa na glutamati, na asetilikolini ndo inayofanya kazi kubwa ndani ya ubongo na kwenye mshipa wa neva wa tumboni. Ya kutuliza, ya kusema basi inatosha, ni GABA.

Kipokezi cha asetilikolini kile cha aina ya nikotini ni protini tano zilizosimama duara kama vipande vya chungwa, katikati kuna tundu. Kila kipande, watu wa maabara wanaita sabyuniti, kinapita kwenye ukuta wa seli mara nne na ile sehemu ya pili ndo inayozunguka tundu. Asetilikolini ikija haikai katikati ya kipande, inakaa kwenye mshono, pale kipande kimoja kinapokutana na jirani yake, tundu linafunguka, chaji inaingia, neva inawaka. Vipokezi vya GABA na vile vya glutamati vinavyopitisha kloraidi vimejengwa kwa ramani hiyohiyo ya vipande vitano, ila vyenyewe vikifunguka neva inatulia.

Sasa utamu uko hapa. Vipande vyenyewe viko vya aina nyingi. Nzi wa matunda, yule Drosophila, ana jeni 10 za vipande vya kipokezi cha nikotini, saba za alfa na tatu za beta. Mbu Anopheles gambiae ana 10 pia, nyuki wa asali ana 11, binadamu tuna 16. Kipokezi kinaweza kujengwa kwa aina moja ya kipande mara tano, au kwa kuchanganya alfa na beta, na kila mchanganyiko unakuwa na tabia yake, hiki kinashika dawa fulani kwa nguvu na kile hakiishiki hata kidogo. Kwahiyo ukisema dawa hii inapiga kipokezi cha asetilikolini bado hujasema kitu, sema inapiga mchanganyiko gani.

Dalili: kantangaze anapigwa spinosadi na anaendelea kuchimba

Hii ndo naulizwa kuliko zote kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Kantangaze, Tuta absoluta, asili yake ni Amerika Kusini, akaingia Hispania 2006, na 2014 akaripotiwa Tanzania, hukuhuku kwetu Arumeru. Watu wafahamu kwamba alipofika hapa hakuwa mdudu mgeni kwa dawa, mababu zake walikuwa wameshapigwa kila kitu huko walikotoka. Hata zile dawa za jamii ya pareto alikuwa ameshazizoea.

Spinosadi na ndugu yake spinetoramu zinalenga kipande cha alfa 6. Hilo lilionekana wazi mwaka 2007 pale watafiti walipowaangalia nzi wa matunda wasio na alfa 6 kabisa, usugu wao kwa spinosadi ulizidi wa nzi wa kawaida kwa zaidi ya mara elfu moja. Mara elfu! Sasa niambie ukiongeza kifuniko kimoja kwenye bomba la lita 16 unafanya nini hapo.

Na cha kutisha zaidi ni kwamba nzi hao wasio na alfa 6 wanaishi. Wanaruka, wanakula, wanazaa. Kipande hicho mdudu anaweza kukikosa na maisha yakaendelea, ndo maana njia za kupata usugu wa spinosadi ni nyingi sana maana chochote kinachoharibu alfa 6 kinamfaa mdudu. Kwenye nondo wa kabichi jeni imekatika njiani, kipande hakikamiliki. Kwenye kantangaze wa Brazil zimeonekana njia mbili, ya kwanza ni badiliko linaloitwa G275E, yani asidi amino (kijenzi cha protini) namba 275 ilikuwa glaisini imekuwa asidi glutamiki, iko juu kabisa ya ile sehemu ya tatu inayopita kwenye ukuta wa seli, dawa inakosa pa kukaa. Ya pili ni kwamba seli inaruka eksoni ya 3, yani sehemu moja ya jeni, inapounganisha ujumbe wa jeni, jeni yenyewe haijaguswa ila kipande kinachotoka ni kibovu. G275E hiyohiyo imepatikana pia kwa thripsi wa maua, mdudu tofauti kabisa, badiliko lilelile.

Utajuaje shambani? Mdudu anayekufa kwa spinosadi anaanza kutetemeka, misuli inajikaza yenyewe, halafu analegea na kulala. Chukua viwavi toka kwenye majani uliyopiga, wafungue kwenye jani taratibu, waweke kwenye karatasi nyeupe uwaangalie. Kama wanatetemeka, wanaonekana wameumia, halafu baadae wanaamka na kutembea, hapo mwili wao unaivunja dawa kwa vimeng'enya. Kama hawatetemeki kabisa, wako kama hakuna kilichotokea, shuku kipokezi. Hii ni ya kukuelekeza tu, uthibitisho ni wa maabara.

Ukitaka kupima vizuri zaidi fanya hivi. Chukua majani safi ya nyanya ambayo hayajapigwa kitu, chovya nusu yake kwenye dawa uliyochanganya kwa dozi ya lebo, nusu nyingine kwenye maji matupu, yaning'inize yakauke kivulini. Weka kwenye vyombo vya plastiki vyenye vitundu vidogo kwenye kifuniko na karatasi ya chooni yenye unyevu chini, kila chombo viwavi kumi wa ukubwa mmoja. Rudi baada ya siku tatu uwaguse mmoja mmoja kwa brashi laini ya rangi, asiyeweza kutembea urefu wa mwili wake mhesabu amekufa. Kama kwenye chombo cha maji nako wamekufa zaidi ya wawili jaribio hilo litupe uanze upya. Kama maji wote wazima na dawa nao karibu wote wazima, una jibu.

Tiba: acha spinosadi na spinetoramu zote mbili, ziko kundi namba 5 (namba ya kundi inaonyesha dawa inampiga mdudu wapi), usikubali kuuziwa moja badala ya nyingine. Kizazi cha kantangaze kwa joto letu kinachukua karibu mwezi, kwahiyo hesabu kwa mwezi, mwezi huu kundi hili, mwezi unaofuata kundi lingine, wala usibadilishe kila wiki maana hapo kizazi kimoja unakipiga na kila kitu ulichonacho. Na kuna habari njema kidogo, usugu huu wa alfa 6 mara nyingi unajificha, mdudu aliyerithi kipande kibovu kwa mzazi mmoja na kizuri kwa mwingine bado anakufa. Kwahiyo wale wasio sugu wanaotoka kwenye nyanya za jirani ambazo hazijapigwa spinosadi wanakusaidia bila wewe kujua, wanapandana na sugu wako na watoto wanakufa. Bakteria wa Bt, mitego ya feromoni, kung'oa majani yenye michoro na kuyafukia, hivyo vyote havigusi alfa 6 wala beta wala nini, vitumie.

Kama dawa iliyogoma ni ile ya jamii ya diamaidi, klorantraniliproli na wenzake, hiyo ni habari nyingine, inapiga kipokezi cha rayanodini ndani ya misuli ambacho kina vipande vinne vinavyofanana, kundi namba 28.

Dalili: vidukari au inzi weupe hawashtuki na imidaklopridi

Mama analeta chupa, "bwana shamba, ile ya kwanza imekataa, nimepewa hii mpya." Naomba tuigeuze tusome nyuma pamoja, maandishi madogo chini ya jina kubwa. Ya kwanza ilikuwa imidaklopridi. Mpya ni thiamethoksamu. Zote kundi 4A. "Mama, umebadilisha chupa tu, dawa ni ya ukoo uleule." Hapo ndo hela za watu wetu zinapopotelea, na inaniuma, maana kusoma ile namba ya kundi ni kazi ya dakika moja na kama lebo haina namba jina la kiini cha dawa lazima liwepo.

Neonikotinoidi zote, imidaklopridi, thiamethoksamu, asetamipridi, zinakaa kwenye mshono wa asetilikolini, pale alfa inapokutana na beta. Na hapa kuna sababu nzuri kwanini zinamuumiza mdudu kuliko sisi. Kwenye kipande cha beta 1 cha mdudu, nafasi ya 81, kuna asidi amino inaitwa ajinini ambayo ina chaji chanya, na neonikotinoidi ina ncha yenye chaji hasi inayovutwa na ajinini hiyo. Beta za kwetu wenye uti wa mgongo nafasi hiyo zina threonini, haina chaji, dawa haishiki vizuri. Nikotini ya tumbaku iko kinyume, yenyewe ina chaji chanya na vipokezi vyetu vinaipenda sana. Kwahiyo wale wanaochemsha maji ya tumbaku na kupiga bila glovu kwakuwa ni ya asili, tafadhali vaeni glovu, ile ni sumu ya mwili wetu kabisa.

Sasa mdudu sugu amefanya nini? Mwaka 2009 kusini mwa Ufaransa kwenye mapichi walikusanywa vidukari Myzus persicae wenye badiliko R81T, yani ajinini ile ya 81 imegeuka threonini. Mdudu amejiwekea kitu kilekile tulichonacho sisi. Vidukari wa pamba nao wamekutwa nacho.

Ona tofauti na kantangaze. Beta 1 mdudu hawezi kuipoteza, nzi wa matunda asiye nayo kabisa haishi, kwahiyo hapa hakuna njia ya kuvunja kipande chote, inabidi kibadilike mahali padogo sana na bado kifanye kazi. Ndo maana usugu wa kipokezi kwa neonikotinoidi ulichelewa. Imidaklopridi iliingia sokoni 1991, na kwa miaka mingi wadudu sugu waliopatikana walikuwa wa vimeng'enya, siyo wa kipokezi. Inzi mweupe Bemisia tabaci anatengeneza kwa wingi kimeng'enya kinachoitwa CYP6CM1 kinachoivunja imidaklopridi. Kidukari Myzus aliyezoea kuishi kwenye tumbaku ana nakala nyingi za CYP6CY3, alikuwa nazo kwaajili ya nikotini, akakuta zinamsaidia na dawa yetu.

Kwahiyo kwenye shamba lako la nyanya au kabichi anza kushuku vimeng'enya kabla ya R81T, hasa kwa inzi weupe. Njia ya kutofautisha ni piperonili butoksidi, PBO, inayozuia vimeng'enya hivyo, maabara wanampa mdudu PBO kwanza halafu dawa, akifa tatizo ni vimeng'enya, asipokufa hata hivyo kipokezi ndo mshukiwa. Wewe shambani unaweza kuangalia hivi, kama moja ya 4A imekataa na nyingine bado inaua vizuri kwenye jaribio la majani, vimeng'enya, maana vyenyewe vinachagua. Kama zote zimekataa kwa pamoja hali ni mbaya zaidi.

Na vidukari vina jambo lao. Kwenye joto letu jike anazaa majike bila dume, watoto nakala yake. Ule msaada wa kupandana na wasio sugu niliousema kwa kantangaze hapa haupo, mmoja akiwa sugu baada ya wiki chache una ukoo mzima wa huyohuyo. Vidukari sugu usiwasubiri, badilisha kundi mapema na waachie ladybedi na nyigu wadogo nafasi ya kufanya kazi.

Dalili: utitiri unarudi baada ya abamektini

Utitiri siyo mdudu wa miguu sita, ni jamaa wa buibui, ila vipokezi ni vya ukoo huohuo. Abamektini na emamektini zinafungua kipokezi cha glutamati kinachopitisha kloraidi, GluCl, na sisi hatuna hicho kipokezi, wenye uti wa mgongo wote hawana, ndo sababu ivamektini inayotoka kwenye familia hiyohiyo inaweza kutumika kama dawa ya binadamu, na waliogundua familia hiyo, Campbell na Ōmura, walipewa Nobel 2015. Dawa inajipenyeza kati ya vipande viwili pale vinapopita kwenye ukuta wa seli na tundu linabaki wazi, mdudu anapooza akiwa amelegea. Ukiona utitiri umelegea bila kutetemeka ujue imefanya kazi.

Utitiri wa nyanya Tetranychus urticae una jeni kadhaa za GluCl wakati nzi wa matunda ana moja, na usugu mkali unakuja pale GluCl1 na GluCl3 zote zimebadilika. Kwahiyo usugu unapanda polepole, msimu huu umepungua nguvu kidogo, ujao zaidi. Ukiona imeanza kuchelewa kuua acha hapohapo, usisubiri ikatae kabisa.

Dalili: mende hawafi kwa jeli, mbu hawafi, mtoboa kahawa hafi

Hivi vitatu nimeviweka pamoja kwakuwa vinakutana kwenye kipande kimoja, RDL, cha kipokezi cha GABA. Fipronili ya kwenye jeli ya mende na ya kwenye dawa za viroboto vya mbwa, endosalfani ya zamani, dieldrini ya zamani zaidi, zote zinaziba tundu la katikati. Mdudu anakosa breki, anatupatupa miguu mpaka afe.

Jina RDL lenyewe limetoka kwenye usugu wa dieldrini kwa nzi wa matunda. Kipande hiki kinaweza kujenga kipokezi chenyewe peke yake mara tano, na badiliko moja kwenye nafasi ya 301, alanini kuwa serini, linaingia kwenye vipande vyote vitano vinavyozunguka tundu, kwahiyo dawa inakosa pa kuziba. Hapa nako mdudu hawezi kupoteza kipande chote akaishi, na ndo maana wadudu wa mbali kabisa, nzi, mende, mtoboa kahawa wa New Caledonia, wote wameangukia badiliko lilelile mahali palepale. Njia ilikuwa moja.

Wazee wa Upare wanaweza kukumbuka nyumba kupuliziwa dieldrini miaka ya 1950, ule mpango wa malaria wa Pare na Taveta. Dieldrini ilishaondoka ila mabadiliko ya RDL kwenye mbu yanaweza kukaa miongo baada ya dawa kuondoka, na fipronili ikija leo inakuta kipande kilichobadilishwa na dawa ya enzi za babu. Kwahiyo mende wakikataa jeli usidhani ni lazima uliwahi kutumia fipronili wewe. Kwanza angalia kama wanaila, mende wengine wanakwepa sukari ya kwenye jeli tu. Wanaokula na hawafi wabadilishie kundi. Zipo dawa mpya, isoksazolini za mbwa na brofilanilidi, zinashika RDL mahali pengine siyo pale kwenye tundu, na badiliko la 301 haliziathiri, kipande kilekile kimoja kina zaidi ya mlango mmoja wa kumwingilia mdudu.

Dalili: wanaanguka chini, asubuhi wameamka

Hii siyo ya kipokezi. Jamii ya pareto, zile saipamethrini, deltamethrini na lambda-sihalothrini, zinapiga chaneli ya sodiamu (tundu la kupitisha sodiamu kwenye neva) ambayo haingoji kemikali yoyote na wala haina vipande vitano, ni mnyororo mmoja mrefu wa protini uliojikunja sehemu nne. Kuanguka na kuamka ni vimeng'enya. Kutoanguka kabisa ni badiliko la chaneli, linaitwa kdr. Nimeitaja kwasababu watu wanachanganya pareto na neonikotinoidi kwenye bomba moja halafu ikikataa hawajui ni ipi imekataa. Pima moja moja.

Dalili: nyuki wamekufa au mzinga umebaki na nyuki wachache

Wafugaji wa nyuki waliozungukwa na parachichi kule Siha, Hai na Arumeru, sikilizeni hapa. Nyuki ni mdudu, beta 1 yake ina ileile ajinini ya 81. Mwaka 2020 ilionyeshwa maabara kuwa vipokezi vya nyuki vinaguswa na neonikotinoidi kwa kiwango cha pikomola, kidogo kuliko mtu anavyoweza kufikiria. Nyuki akila kidogo cha kutomuua bado ile sehemu ya ubongo wake inayoshika kumbukumbu ya njia inatumia asetilikolini, anatoka mzingani na harudi. Ukikuta nyuki wengi wamekufa mbele ya mzinga wanatoa ulimi, shuku dawa iliyopigwa karibuni na kwa nguvu. Ukikuta mzinga una malkia, una asali, wafanyakazi wamepungua bila mizoga, uliza kama jirani ameweka neonikotinoidi kwenye udongo au kwenye mbegu, maana inapanda na maji ya mmea mpaka kwenye ua. Umoja wa Ulaya ulizuia imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu kutumika nje ya nyumba za mimea mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Mwenye parachichi asipige kitu cha kundi 4A miti ikiwa na maua, akifanya hivyo anapunguza matunda yake mwenyewe kwa mkono wake.

Kwa vijana wa maabara: yai la chura halitoi mkondo

Wanafunzi wa Nelson Mandela pale Tengeru na wengine mnaosoma mambo haya, shida yenu ya kawaida ni hii, umedunga RNA ya alfa na beta za mdudu kwenye yai la Xenopus ili lijenge kipokezi, umesubiri, umeweka asetilikolini, mstari wa mkondo wa umeme umelala.

Anza kwa kudunga RDL kwenye mayai ya kundi lilelile. RDL inajijenga yenyewe bila msaada, ukiweka GABA na mkondo ukatoka basi mayai yako, sindano yako na RNA zako unavyozitunza ni sawa, tatizo ni la kipokezi cha nikotini. Isipotoka hata RDL usipoteze muda na alfa na beta.

Kipokezi cha nikotini cha mdudu kilisumbua watu kwa miaka mingi, ikabidi wachanganye alfa ya mdudu na beta 2 ya kuku au panya ili kitoke chochote. Matokeo ya michanganyiko hiyo soma kwa uangalifu kwasababu nusu ya mshono ni ya mnyama mwingine, na tumeshaona nafasi ya 81 ilivyo na uzito. Kilichokosekana ni protini za kusaidia kukunja na kukusanya vipande. Ongeza RNA za RIC-3, UNC-50 na hasa TMX3, hiyo ndo iliyofanya alfa 1 na beta 1 za nzi na za nyuki zitoe mkondo kwenye ile kazi ya 2020.

Mkondo ukitoka lakini namba zako zinatofautiana wiki hadi wiki angalia uwiano wa RNA, ukiweka alfa nyingi na beta kidogo unapata vipokezi vyenye hesabu tofauti ya vipande na vinashika dawa tofauti. Angalia pia umepata toleo gani la jeni, RDL ina eksoni mbadala zinazotoa matoleo manne, na ujumbe wa alfa 6 unahaririwa na seli baada ya kunakiliwa, kwahiyo kloni mbili toka mdudu mmoja zinaweza zisifanane.

Ukipeleka sampuli

Wadudu wa kupimwa jeni waweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, spiriti ya dukani ya kuwashia haifai. Chukua waliobaki hai baada ya kupiga, na chukua pia wengine kwenye shamba ambalo halijapigwa, kila kundi chupa yake. Andika kwa penseli kwenye karatasi na uitumbukize ndani ya chupa maana kalamu ya wino inafutika, uandike mahali, tarehe, zao, na dawa zote zilizopigwa msimu huo kwa jina la kiini siyo jina la biashara. Wa kufanyiwa jaribio la PBO lazima wafike wazima, kwahiyo hao wapeleke na majani yao ndani ya boksi lenye hewa, asubuhi kabla jua halijapanda.